Ulevi na Uuguzi Bukavu: Baina ya Kuacha na Kuachishwa

Historia ya ulevi katika Kivu imeandikwa na watunga sheria zaidi kuliko wauguzi. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakataza hata kuipika. Kasiksi, pombe ya ndizi, iliendelea kunywewa harusini na matangani, na baadaye bia ya kiwandani ikaingia katika baa za Kadutu na Ibanda. Sheria zote hizo zilitazama chupa. Juu ya mwili uliozoea pombe kila siku, kisha ukanyimwa ghafula, hazikuwa na la kusema.

Yafaa ieleweke kwamba tiba yenyewe ilichelewa. Mwaka 1813 tabibu Mwingereza Thomas Sutton aliupa jina ugonjwa wa mlevi anayetetemeka na kuweweseka, lakini chanzo chake kilibishaniwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Marekani, waliwanywesha wafungwa waliojitolea kwa majuma kadhaa, wakiwalisha vizuri, kisha wakaikata pombe kwa mara moja. (Jaribio hilo leo lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili.) Ikadhihirika kwamba degedege na kuweweseka vilitokana na kukatizwa pombe, wala si upungufu wa chakula pekee.

Bukavu ilipata kituo cha magonjwa ya akili, SOSAME, katika miaka ya 1990, muongo ambao wakimbizi kutoka Rwanda waliuvuka mto Ruzizi na kuufurika mji. Kilihudumiwa na Ndugu wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ghent mwaka 1807 na kufika Kongo mwaka 1911. Hapo mlevi aliweza kupokewa kama mgonjwa, jambo ambalo si dogo katika mji ambamo familia nyingi humpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, au humfungia ndani mpaka "pombe imtoke".

Kufungiwa huko ndiko kunakoweza kumwua. Saa sita hadi nane baada ya glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupaa. Degedege huja aghalabu ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili hadi ya nne, yaani wakati jamaa wamekwisha kupumua wakidhani hatari imepita. Ndiyo maana muuguzi hodari huuliza mapema, bila kukaripia: je, asubuhi unahitaji kunywa kidogo ili mikono itulie? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko harufu ya kinywa. Kisha hupima mapigo ya moyo na joto mara kwa mara, humpa maji, humweka katika chumba tulivu chenye mwanga hata usiku, maana gizani vivuli hugeuka watu. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, hutolewa kwa maagizo ya tabibu na kupunguzwa hatua kwa hatua. Vitamini B1 hutangulia glukosi, isije ubongo ukadhurika. Akishikwa na degedege hulazwa ubavu, wala hatiwi kitu mdomoni.

Sasa tuingie katika lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Waswahili wa pwani wamebuni neno *arosto* kwa mateso ya mtumiaji wa heroini aliyekosa dawa. Ni neno la mtaani, nalo linasema kweli. Ila ni la wenye kuteseka, halimtaji mwuguzaji. Wauguzi wa Bukavu, waliosomea kwa Kifaransa, hutumia *sevrage*, ambalo maana yake ya awali ni kumwachisha mtoto ziwa. Kiswahili chetu husema tu "aache pombe", na kitenzi hicho kinamtwika mgonjwa mzigo wote: asipoacha, ni ukaidi wake. Napendekeza *kuachishwa*. Mnyambuliko huo unadai mtendaji wa pili, kama vile mtoto aachishwaye ziwa asivyolala peke yake usiku ule, bali mtu hukesha naye.