Jembe la Mgeni

Wazee wetu walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 kueleza ujamaa, nao watu wa makabila mengi wakamwelewa, kwa kuwa jembe walilijua.

Hapa Rulenge, Askofu Christopher Mwoleka, aliyetuchunga tangu 1969 hata 1996, alitufundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kufumbuliwa tu, bali ni mfano wa kufuatwa: Nafsi Tatu hushirikiana yote, nasi tushirikiane vivyo hivyo. Wala hakuishia katika kunena, bali alijiunga na kijiji cha ujamaa. Naye Padre Joseph Healey, Mmarekani, alikaa kijijini Nyabihanga miaka ya 1970, akijifunza kwa wenyeji hekima ya methali.

Lakini tusisahau: katika miaka hiyo hiyo watu wengi wa nchi hii walihamishwa vijijini kwa nguvu, na neno lililokuwa tamu likawa chungu.

Basi, enyi walimu, kabla hatujawatajia wengine jembe, na tulishike sisi kwanza.