Mwili Uliochukuliwa Kuwa Kipimo: Udhibiti wa Salfaiti katika Chakula nchini Marekani, 1902–1990

Salfaiti ni chumvi zinazotoa dioksidi ya salfa zikutanapo na asidi. Huzuia vijidudu kukua na matunda yaliyokatwa kugeuka rangi, hivyo zimetumika kwa muda mrefu katika mvinyo na matunda makavu. Historia ya udhibiti wake nchini Marekani inaonesha kuwa jibu la swali la usalama hutegemea mwili wa nani umechukuliwa kuwa kipimo.

Mwaka 1902 Harvey W. Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, alianza kuwalisha vijana waliojitolea vyakula vyenye vihifadhi, na baadaye salfaiti zikawa miongoni mwake. Magazeti yaliwabandika jina la Kikosi cha Sumu. Wiley alihitimisha kuwa salfaiti hudhuru afya. Baada ya Sheria ya Chakula na Dawa ya mwaka 1906, serikali iliweka vikomo vya dioksidi ya salfa. Wazalishaji wa matunda makavu wa California walipinga vikali. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt aliunda bodi ya wanasayansi chini ya Ira Remsen, na vikomo vikasitishwa.

Pande zote mbili zilibishania kiasi ambacho mtu mwenye afya angeweza kustahimili. Vijana wa Wiley walichaguliwa kwa sababu ya afya yao njema. Mwenye pumu hakuwa na nafasi mezani pale. Pengo hilo lilirithiwa: baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 1958, salfaiti ziliorodheshwa miongoni mwa viambato vinavyotambuliwa kuwa salama.

Mwaka 1981 Donald Stevenson na Ronald Simon walieleza wagonjwa wa pumu waliobanwa na kifua baada ya kumeza metabisalfaiti. Wakati huo mikahawa ilinyunyizia saladi salfaiti ili zionekane mbichi, na mlaji hakuambiwa. Taarifa za vifo zilipofika serikalini, mwaka 1986 zilipigwa marufuku katika matunda na mboga za kuliwa mbichi, na lebo ikawa lazima kuanzia sehemu 10 kwa milioni.

Jaribio la mwaka 1990 la kuendeleza marufuku hiyo hadi kwenye viazi lilibatilishwa mahakamani kwa misingi ya utaratibu. Hivyo ulinzi wa mwenye pumu ulibaki kutegemea zaidi lebo, ilhali sahani ya mkahawani haina lebo.