Wanawake Weusi wa Marekani na Riwaya ya Mapenzi

Katika historia za fasihi ya Marekani riwaya ya mapenzi aghalabu hupitwa kimya, au hutajwa kwa dharau kama kitu cha kupitishia wakati tu. Dharau hiyo imeficha jambo lenye maana. Kwa wanawake Weusi wa nchi hiyo, kuandika hadithi ya watu wawili wapendanao hata wakaoana halikuwa jambo la mzaha, wala kumpata wa kuipiga chapa halikuwa jambo jepesi. Makala haya yaeleza safari hiyo tangu mwaka wa 1892 hadi siku hizi. Yakusudia kuonyesha kwamba kilichopungua katika kila kipindi hakikuwa waandishi wala wasomaji, bali ni mtu wao aketiye penye meza ya kuchagulia miswada. Na kwamba hata mlango ulipofunguliwa, ulikuwa mlango wa pembeni, uwezao kufungwa pasipo nyumba kubwa kutikisika.

Kwanza yafaa kukumbuka hali ya ndoa yenyewe. Chini ya sheria za utumwa, mtumwa hakuwa na uwezo wa kufunga ndoa itambuliwayo na serikali. Watu walioana mbele ya wenzao, wakazaa na kulea, lakini bwana wao aliweza kumwuza mume huku na mke kule siku yoyote apendayo. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1865, maelfu ya waliokuwa watumwa walikwenda kuandikisha ndoa zao, wengine wakiwa wamekwisha kuishi pamoja miaka mingi. Na wengine waliandika matangazo magazetini wakitafuta waume, wake na watoto waliouzwa mbali. Kwa hiyo, hadithi imalizikayo kwa arusi ya watu Weusi haikuwa ndoto tupu. Ilitaja haki ambayo wazazi wa wasomaji wake walikuwa wamenyimwa.

Maana hiyo yaonekana wazi katika riwaya ya Frances Ellen Watkins Harper, iitwayo Iola Leroy, iliyotolewa Philadelphia mwaka 1892. Iola aposwa na daktari Mzungu, naye akataa, kwa kuwa ndoa hiyo ingemtaka ajitenge na watu wake. Mwishowe aolewa na daktari mwingine ambaye, ijapokuwa rangi yake ingemwezesha kujiita Mzungu, amechagua kubaki na ndugu zake Weusi. Mapenzi hapa si kinyume cha wajibu, yaandamana nao.

Miaka minane baadaye, mwaka 1900, Pauline Hopkins alitoa Contending Forces mjini Boston, na katika anwani yake ndogo akaiita kwa jina la riwaya ya mapenzi yaonyeshayo maisha ya watu Weusi, kaskazini na kusini. Jambo la kuangaliwa sana ni nani aliyekipiga chapa kitabu hicho. Kilitolewa na chama cha ushirika cha watu Weusi wenyewe, ambacho ndicho kilichoanzisha jarida la Colored American Magazine. Hopkins alikuwa mhariri wa jarida hilo, na humo akatoa riwaya tatu nyingine kwa sehemu. Lakini mwaka 1904 jarida lilinunuliwa na watu wa upande wa Booker T. Washington, likahamishiwa New York, na Hopkins akaondoka. Kalamu yake haikuwa imechoka. Ila meza ilikuwa imechukuliwa. Mambo ya mwaka huo yalikuja kujirudia mara nyingi.

Katika miaka ya kati ya karne ya ishirini hadithi za mapenzi hazikutoweka miongoni mwa watu Weusi. Mwaka 1950 kampuni ya Johnson ya Chicago ilianzisha jarida la Tan Confessions, lililojaa hadithi za mapenzi na maungamo ya nyumbani. Wasomaji, basi, walikuwako. Lakini biashara ya vitabu vya bei nafuu, vyenye jalada jepesi, iliyokuwa ikikua kwa kasi mikononi mwa makampuni kama Harlequin ya Kanada, iliendelea kana kwamba mwanamke Mweusi hapendi wala hapendwi. Alipoonekana humo, aghalabu alikuwa mtumishi aletaye chai.

Mabadiliko yalianzia kwa mhariri mmoja. Vivian Stephens, mzaliwa wa Houston, Texas, aliajiriwa na kampuni ya Dell ya New York kusimamia mfululizo wa vitabu vya Candlelight. Mwaka 1980 alitoa Entwined Destinies, kitabu cha Elsie B. Washington, mwandishi wa habari wa gazeti la Newsweek, aliyejificha nyuma ya jina la Rosalind Welles. Hiki ndicho kihesabiwacho na wengi kuwa riwaya ya kwanza ya mapenzi, katika biashara hiyo kubwa ya siku hizi, ijulikanayo kuwa imeandikwa na mwanamke Mweusi juu ya wapenzi Weusi. Washington hakutoa riwaya nyingine. Katika mwaka huo huo Stephens alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi nchini Marekani.

Baadaye Stephens alihamia Harlequin kuuanzisha mfululizo wa vitabu vya Kimarekani, na huko akaupokea mswada wa Sandra Kitt, mkutubi wa New York. Mwaka 1985 Harlequin ilitoa Adam and Eva, riwaya ya Kitt juu ya wapenzi Weusi, ya kwanza ya namna hiyo katika kampuni hiyo kutoka kwa mwandishi Mweusi. Kufikia hapo Stephens mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi. Aliyefungua mlango alipotoka, mlango ukarudi kuwa mwembamba.

Katika upungufu huo watu walianza kujitegemea. Mwaka 1990 Leticia Peoples alianzisha kampuni ya Odyssey Books huko Maryland kwa kutoa riwaya za mapenzi za watu Weusi, na miongoni mwa waandishi wake wa kwanza alikuwa Donna Hill. Kampuni ilikuwa ndogo, lakini ilithibitisha kwamba vitabu hivyo vyauzika. Miaka minne baadaye wakubwa waliitika. Katika mwezi wa Julai 1994 kampuni ya Kensington ilizindua mfululizo wa Arabesque, chini ya mhariri Mweusi Monica Harris, kwa vitabu viwili: Serenade cha Sandra Kitt na Forever Yours cha Francis Ray. Mwaka huo huo Beverly Jenkins wa Michigan, aliyewahi kufanya kazi ya maktaba, alitoa Night Song kwa kampuni ya Avon. Ni hadithi ya mwalimu wa kike na askari wa farasi katika mji wa watu Weusi huko Kansas, karne ya kumi na tisa. Jenkins alizoea kumwelekeza msomaji, mwishoni mwa riwaya zake, kwenye vitabu vya historia alivyovitumia. Kwa njia hiyo wasomaji wengi walijifunza habari ambazo shule hazikuwafundisha.

Hapa pana jambo la lugha lisilofaa kupuuzwa. Vitabu vya Wazungu viliitwa riwaya za mapenzi basi, pasipo kivumishi chochote. Vya Weusi vilitiwa kivumishi cha asili ya watu, na madukani vikapangwa katika rafu ya peke yake, mara nyingi pamoja na vitabu vya siasa na vya historia ya utumwa, mradi tu mwandishi ni Mweusi. Kivumishi hicho kilikuwa na faida, maana msomaji aliyevitafuta alijua pa kuvikuta. Lakini kilikuwa pia na hasara kubwa. Jina lisilo na kivumishi ndilo lishikalo makao makuu. Lenye kivumishi huwa tawi, na tawi hukatwa.

Mwendo wa Arabesque wathibitisha neno hilo. Mwaka 1998 ulinunuliwa na BET, kampuni ya televisheni ya watu Weusi, iliyotengeneza hata filamu kutokana na baadhi ya vitabu vyake. Mwaka 2005 Harlequin iliununua, na mwaka uliofuata ikatoa vitabu kwa jina la Kimani, jina ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja kuwa la Kikuyu. Jina lilisikika la Kiafrika, lakini daftari la hesabu lilikuwa Toronto. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kuufunga mfululizo huo, nao ukakoma mwaka uliofuata. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa uamuzi mmoja makumi ya waandishi waliachwa bila mahali pao.

Hesabu za miaka hiyo zaonyesha kwamba nyumba kubwa haikuwapokea wote waliotolewa tawini. Duka moja la California liuzalo riwaya za mapenzi tu lilichunguza vitabu vilivyotolewa na makampuni makubwa mwaka 2016, likaona kwamba katika kila vitabu 100, ni 7.8 tu vilivyoandikwa na watu wasio Wazungu wa kila asili, wala si Weusi peke yao. Tuzo ya chama cha waandishi, iliyotolewa tangu 1982, haikumfikia mwandishi Mweusi hata mwaka 2019, walipoipata Kennedy Ryan na M. Malone. Mwishoni mwa mwaka huo chama kiliingia katika ugomvi mkubwa juu ya ubaguzi, na wanachama wengi wakajitoa. Mwaka 2020 tuzo mpya iliitwa kwa jina la Vivian Stephens, miaka arobaini tangu alipoitoa Entwined Destinies. Na mwaka 2024 chama chenyewe kiliomba mahakamani kinga ya kufilisika.

Hata hivyo kazi haikusimama. Brenda Jackson wa Florida, aliyeanza mwaka 1995 katika mfululizo wa Arabesque, amekwisha kutoa vitabu zaidi ya 100, tena ameunda kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji. Wengine wengi hutoa vitabu vyao wenyewe kwa njia ya intaneti, pasipo kungoja idhini ya mhariri. Yafaa kutambua kwamba njia hii si mpya kama idhaniwavyo. Ushirika wa Boston wa mwaka 1900 na kampuni ya Maryland ya mwaka 1990 vilizaliwa na haja ile ile. Tofauti ni kwamba gharama za leo ni ndogo. Lakini duka la mtandaoni nalo lina mwenyewe, naye si mwandishi.

Basi mtafiti atakayeiandika historia kamili ya riwaya hii hatapata jibu akiuliza tu ni nani waliandika na kwa ufundi gani. Hana budi kuuliza pia mswada ulipokewa na nani, ulilipiwa na nani, uliwekwa katika rafu gani, na aliyeupokea alikaa penye meza hiyo kwa miaka mingapi.