Jina Lenye Sifa Ndani Yake

Kutoka hapa Milimani, Kisumu, leo twataka kulitazama neno moja tu: Myahudi.

Katika Biblia ya Kiswahili twasoma “Yuda”, tena twasoma “Myahudi”. Katika Biblia ya Kijaluo nako mna “Juda” na “jo-Yahudi”. Mbona hayafanani? Ni kwa sababu yalitujia kwa njia mbili. Yuda lafuata umbo la Kiyunani. Yahudi lilifika pwani pamoja na lugha ya Waarabu, ambao husema yahudi kwa mtu mmoja na yahud kwa wengi. Waswahili wakalitia m- na wa-, nasi huku ziwani tukalitia jo-. Lakini Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, na shina ni moja: Yehuda, mwana wa nne wa Yakobo na Lea.

Twasoma katika Mwanzo 29:35 kwamba Lea, mke asiyependwa, alipomzaa mtoto huyo alisema safari hii atamsifu Bwana. Jina hilo lafungamana na neno la Kiebrania la kusifu na kushukuru. Sisi tunaomwita mtoto Otieno kwa kuwa alizaliwa usiku, au Okoth kwa ajili ya mvua, twamwelewa Lea upesi.

Kwanza lilikuwa jina la mtu, kisha la kabila, kisha la ufalme. Ufalme wa kaskazini ulipoanguka mwaka 722 K.K., Yuda ndiyo iliyosalia, na hatimaye jina likawa la taifa zima. Ndiyo maana katika Esta 2:5 Mordekai aitwa Myahudi, ingawa ni wa kabila la Benyamini.

Basi, na tujihoji. Wako kati yetu walitumiao jina hili kama tusi, na wengine wakisikia Yuda hukumbuka usaliti tu. Je, twajua kwamba tunalitukana neno la sifa, na kabila alimozaliwa Mwokozi wetu? Mtume Paulo, aliyekijua Kiebrania, afundisha katika Warumi 2:29 kwamba Uyahudi wa kweli ni wa moyoni, na asifiwaye hivyo husifiwa na Mungu, wala si na watu.

Ndugu zetu, na tuzilinde ndimi zetu. Lea alidharauliwa nyumbani mwake, lakini kinywani mwake ilitoka sifa. Bwana awabariki.