Mbwa wa Mpakani na Kipimo Chake

Baina ya Uskochi na nchi ya Waingereza upo mpaka wa vilima vitupu, vyenye baridi na upepo mwingi, ambako kondoo hulishwa mbali na nyumba, na mchungaji mmoja huwa na mamia ya kuwaangalia. Katika vilima hivyo ndimo alimotokea mbwa aitwaye Border Collie, yaani mbwa wa kondoo wa mpakani. Historia yake iliyoandikwa si ndefu, lakini ndani yake umo ugomvi ambao haujakwisha hata leo: je, ubora wa mbwa wa kazi hupimwa kwa umbo lake au kwa kazi yake?

Mwaka wa kukumbukwa ni 1873. Mwezi wa Aprili mabwana wa London waliunda Kennel Club, chama cha kuandikisha nasaba za mbwa na kusimamia maonyesho yao. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, huko Bala katika nchi ya Wales, mwenye mashamba mmoja, R. J. Lloyd Price, alifanya mashindano ya kuchunga kondoo, ambayo hutajwa kuwa ndiyo ya kwanza katika Uingereza. Mbwa kumi waliingia uwanjani, na aliyeshinda ni Tweed, mbwa mdogo wa Mskochi aliyekuwa akikaa huko. Hapana aliyemtunukia kwa ajili ya manyoya yake.

Mambo ya maonyesho yalikuwa yamekwisha kuanza. Huko Birmingham, mwaka 1860, mbwa wa kondoo wa Uskochi walipangwa mbele ya waamuzi. Malkia Victoria naye aliwapenda na kuwafuga, na akipendacho Malkia matajiri hawakawii kukitamani. Basi wakachaguliwa wenye manyoya mengi na pua ndefu nyembamba, wakazalishwa kizazi baada ya kizazi, hata akapatikana Rough Collie, ambaye watu wengi walimjua kwa filamu ya Lassie ya mwaka 1943. Ni mnyama wa kupendeza, hapana shaka. Walakini ni wachache mno kati yao waliobaki na kazi ya babu zao.

Wachungaji wa mpakani walishika njia nyingine. Mwaka 1893 Adam Telfer wa Northumberland alipata mtoto wa mbwa aliyeitwa Hemp. Baba yake, Roy, alikuwa mkunjufu, lakini jicho lake halikuwa na nguvu. Mama yake, Meg, alikuwa mwoga mwenye jicho kali kupita kiasi. “Jicho” katika lugha ya wachungaji ni ule mtazamo wa mbwa anyatiaye, kichwa chini, akiwakazia kondoo macho hata wakasogea bila ya kubwekewa wala kuumwa. Hemp alirithi kwa wazazi wote wawili kiasi kilichofaa: alifanya kazi kimya, na kondoo walimtii bila ya kutaharuki. Alikufa mwaka 1901, naye alikuwa amezaa watoto wapatao 200, na karibu kila Border Collie wa leo ni wa ukoo wake.

Chama cha wachungaji, International Sheep Dog Society, kiliundwa mwaka 1906, na katibu wake, James Reid, ndiye aliyelitumia jina la Border Collie mwaka 1915. Chama kilipotoa daftari la nasaba mwaka 1955, hakikuandika humo sheria ya rangi, wala ya masikio, wala ya kimo. Hata mbwa asiyejulikana wazazi wake aliweza kuandikishwa, mradi kazi yake ikaguliwe na kukubaliwa.

Kipimo chenyewe ni uwanja. Katika fainali ya mashindano makuu ya chama hicho, mbwa huleta kundi la kondoo kumi kutoka mbali, kisha huachishwa na kurudishwa kutafuta kumi wengine asiowaona. Hao 20 wakikusanyika huwapitisha kati ya malango, halafu hutenga 15 na kubakiza watano waliofungwa ukosi shingoni, akawatia zizini. Kosa lolote hupunguza alama.

Yafaa kusema kwamba kazi nayo ina hatari zake. Wiston Cap, aliyezaliwa mwaka 1963 na kushinda mashindano makuu mwaka 1965, alitakwa na kila mwenye jike, na damu yake ikaenea mno. Magonjwa ya macho ya kurithi nayo yalionekana, ikalazimu chama kiweke ukaguzi wa macho.

Kennel Club ilimkubali mbwa huyu mwaka 1976 na kumwandikia kanuni: dume awe na kimo cha sentimita 53, jike apungue kidogo, na weupe usizidi rangi nyingine. Hata hivyo iliona haya kidogo, kwani ilimtaka ashinde mtihani wa kazi ndipo apewe cheo kamili cha bingwa. Huko Marekani ugomvi ulikuwa mkali zaidi. American Kennel Club ilimwandikisha mwaka 1995 ingawa wafugaji wa mbwa wa kazi walipinga, na chama chao, American Border Collie Association, kikaweka sheria ya kumfuta katika daftari lake mbwa yeyote apataye ubingwa wa maonyesho ya umbo.