Kidole chako kinasomwa wapi unaposajili laini?

Unamtajia wakala namba ya NIDA, unaweka kidole kwenye kifaa, mara jina lako linatokea. Wakala hakuwa nalo. Limetoka kwenye daftari kuu la Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa.

Usajili huu wa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019. Kifaa hutuma namba yako ya tarakimu 20 (nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa) pamoja na alama ya kidole. Kompyuta za NIDA hulinganisha na alama ulizoacha ulipojiandikisha, kisha hujibu kama ni wewe. Daftari hilohilo huulizwa na benki, hata na TRA unapoomba TIN. Ndiyo maana herufi moja iliyokosewa kwenye jina hukufuata kote, na pa kuisahihisha ni NIDA, si kwa wakala.

Tatizo ni kwamba daftari linajua kidole ni chako, halijui umekubali laini ngapi. Wakala asiye mwaminifu atasema "haijasoma, rudia", kumbe anasajili laini ya pili. Ikitumika kutapeli, atakayetafutwa ni wewe. Tunashauri uombe kwanza kuona kioo cha kifaa. Ukifika nyumbani piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ofisi ya kampuni husika waifunge.

Namba ya siri ya pesa za simu haimo NIDA. Anayekuomba uitaje "ili ahakiki NIDA" ni tapeli, kata simu.