Sarafu ya Tabora: Thamani ipitayo dhahabu yake

Sarafu ya dhahabu yenye picha ya ndovu aliyesimama mbele ya mlima ni miongoni mwa zinazowaniwa sana katika minada ya sarafu za kale.

Rupia 15 hizo zilipigwa mwaka wa 1916 mjini Tabora, katika karakana ya reli, baada ya manowari za Uingereza kulifungia njia za bahari koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa takriban 16,000 pekee kabla ya Wabelgiji kuuteka mji huo Septemba mwaka uo huo.

Kila sarafu ina uzani wa gramu 7.17, robo tatu ikiwa dhahabu. Anayemwuzia sonara hulipwa dhahabu tu. Mnadani hulipwa pia uhaba na historia.

Hata hivyo, mnunuzi hana budi kutahadhari. Nakala bandia zipo, hivyo uzani na alama sharti zikaguliwe na mjuzi. Aidha, juu ya bei ya mwisho huongezwa ada ya mnada.

Naye aliyeirithi asiisugue: sarafu iliyosuguliwa hung'aa, lakini hupoteza thamani.